Kumjua Yesu kwa Karibu: Mwongozo Kamili kwa Mkristo wa Mombasa Mwenye Shughuli Nyingi

Mkristo wa Mombasa hakosi kanisa. Uwe unakaa Mikindani, Likoni au Bamburi, kanisa haliko mbali na mlango wako, na ratiba yake inajaa wiki nzima: Alhamisi mazoezi ya kwaya, Ijumaa kesha, Jumamosi kikao cha kamati ya ujenzi, Jumapili ibada, kisha jioni ushirika wa nyumbani. Katikati ya hayo yote mtu anaweza kumaliza mwezi mzima hajakaa na Yesu peke yake hata robo saa. Anamjua kwa mahubiri ya mchungaji, kwa redio ya jirani, kwa nyimbo zinazopigwa kwenye matatu. Ukimuuliza Yesu mwenyewe amemwambia nini wiki hii, hana la kujibu.

Martha wa Bethania alikuwa mtu wa namna hiyo. Alimkaribisha Yesu nyumbani kwake, akaingia jikoni kumpikia, na ndiye aliyeishia kumlalamikia mgeni wake. Yesu hakumlaumu kwa kupika. Alimwambia, "Martha, Martha, unasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi" (Luka 10:41). Kuitwa jina mara mbili ni kuitwa na mtu anayekupenda. Kama umechoka na utumishi, soma kisa hicho kabla ya kuendelea hapa.

Mwongozo huu umesimama juu ya mambo matatu: kumsikia Yesu katika Injili, kumjibu kwa ukweli wa maisha yako, na kutii jambo moja siku hiyo hiyo. Kesha, mfungo, kwaya na semina vina faida yake vikiyasaidia haya matatu. Vikichukua nafasi yake, vinakuchosha tu.

Jambo moja kabla ya kuanza. Hutafuti mtu aliyekukimbia. "Si ninyi mlionichagua mimi, bali ni mimi niliyewachagua ninyi," aliwaambia wanafunzi wake (Yohana 15:16), na dakika chache kabla ya hapo alikuwa amewaita rafiki. Kama hujawahi kumkabidhi maisha yako, au ulifanya hivyo ukiwa mtoto na leo huna uhakika, mwambie kwa maneno yako mwenyewe, hapo ulipo: umetenda dhambi, unaamini alikufa na kufufuka kwa ajili yako, unataka awe Bwana wako. Hakuna maneno maalumu ya kukariri wala mtu wa kukuwekea mkono kwanza. Baadaye ongea na kiongozi wa kanisa kuhusu ubatizo au kipaimara, kulingana na kanisa lako.

Hatua ya kwanza: Tafuta saa na mahali

Yesu mwenyewe alizingirwa na watu, na Marko anatuambia alichofanya: "Hata alfajiri na mapema sana akaondoka, akatoka akaenda zake mahali pasipokuwa na watu, akaomba huko" (Marko 1:35). Ni siku moja tu baada ya jioni ambayo mji wote ulikusanyika mlangoni wakileta wagonjwa. Angeweza kusema leo nipumzike.

Kwa Mombasa alfajiri ina faida nyingine, joto halijapanda. Adhana ikiadhiniwa wengi wetu tayari tuko macho, kwa hiyo badala ya kujigeuza kitandani na kufungua simu, inuka. Jirani yako Mwislamu anaamka kuswali, nawe una Bwana anayekungoja. Robo saa inatosha kuanzia. Anayepanga saa nzima kwa mara ya kwanza mara nyingi huacha kabla wiki haijaisha, na huacha akijiona mwovu.

Mahali ndipo penye shida. Katika nyumba za vyumba vya kupanga, baba, mama na watoto mnalala chumba kimoja, choo ni cha ploti nzima, na mlango wa pili una redio. "Chumba cha ndani" cha Mathayo 6:6 hakipo. Basi kitengeneze kwa mazoea. Mama akijitanda leso kichwani na kukaa upande wa dirisha akiwa na Biblia, watoto wafundishwe kwamba kwa robo saa hiyo haulizwi kitu, labda mtoto awe ameumia. Siku za mwanzo watauliza, baadaye watazoea, na watakua wakikumbuka mama yao alikuwa akizungumza na nani.

Wa shifti wasijilazimishe alfajiri. Kama unafanya kazi bandarini usiku au hoteli za pwani ya kaskazini na unafika nyumbani saa nane za usiku, saa yako ni ile unayoamka, hata ikiwa saa nne asubuhi. Mwenye nafasi mchana anaweza kuingia kanisani siku za kazi watu wakiwa wachache. Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu katika barabara ya Nkrumah lina wengi wanaoingia kupiga magoti kabla ya kurudi ofisini. Mabenchi ya Mama Ngina nayo ni mazuri asubuhi, kabla ya wauza mihogo na wapiga picha hawajafika. Kwenye feri ya Likoni sikushauri ufumbe macho, na sababu unaijua. Hapo rudia moyoni mstari mmoja uliousoma asubuhi.

Zima intaneti ya simu kabla ya kukaa. Ukiweza, tumia Biblia ya karatasi na daftari dogo la shule, kwa sababu ujumbe mmoja wa kikundi cha harusi unatosha kukumalizia robo saa yako.

Hatua ya pili: Soma Injili polepole, kisa kimoja kwa siku

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hupotea. Huanza Mwanzo wakiwa na nia ya kusoma Biblia nzima, wanafika Mambo ya Walawi, wanaishia hapo. Wengine hufungua popote na kuweka kidole. Ukitaka kumjua mtu, msikilize anavyoongea na uone anavyowatendea watu. Kwa hiyo anza na Injili ya Marko. Ina sura 16 tu, inaenda kwa kasi, na karibu kila ukurasa Yesu yuko njiani, nyumbani kwa mtu au mashuani.

Tafsiri ipi? Iliyozoeleka makanisani ni Union Version ya mwaka 1952, na mistari mingi tuliyokariri utotoni inatoka humo. Lugha yake ikikupa tabu, soma kisa hicho hicho katika Biblia Habari Njema, kisha urudi. Asiyeona vizuri au asiyesoma kwa urahisi atumie Biblia ya sauti kwenye simu, asikilize kisa kimoja mara mbili.

Soma kisa kimoja, si sura. Kisha jiulize maswali manne na uandike majibu mafupi: Yesu anafanya nini hapa? Anasema nini, na anamwambia nani? Mimi ningekuwa nani katika kisa hiki? Anataka nini kwangu leo?

Tuchukue mfano, Marko 4:35-41. Ni jioni, Yesu anawaambia, "Na tuvuke mpaka ng'ambo." Dhoruba inawakuta, mawimbi yanaingia chomboni hadi kinaanza kujaa maji. Yesu yuko katika shetri, amelala juu ya mto. Aliyepanda mashua Mtongwe au Shimoni wakati wa kusi anajua hali hiyo. Shetri ni upande wa nyuma, anakokaa nahodha. Yaani aliyepaswa kuwa macho amelala. Wavuvi wazoefu wanaogopa, na mtoto wa seremala anakoroma.

Wanamwamsha kwa maneno makali: "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Hayo si maombi ya adabu. Hayana shukrani za kutangulia wala sifa. Ni lawama. Naye anaamka. Anaukemea upepo, anaiambia bahari, "Nyamaza, utulie." Kumekuwa shwari kuu, ndipo anawageukia na kuwauliza, "Mbona mmekuwa waoga? Hamna imani bado?"

Angalia utaratibu huo, maana ni rahisi kuupita. Alituliza bahari kwanza, akauliza habari ya imani baadaye. Hakuwaambia, "Aminini ndipo niwaokoe." Aliwaokoa wakiwa na hofu yao na maneno yao makali, kisha akawafundisha. Ukiwa umelelewa kuamini kwamba Yesu hukusikia pale tu imani yako inapokuwa imara, kisa hiki kimoja kinaweza kubadilisha jinsi unavyomwendea. Nao hawakumaliza kwa ushuhuda. Walimaliza kwa swali: "Ni nani huyu, basi, hata upepo na bahari humtii?" Swali hilo ndilo la kubeba siku hiyo, kwenye matatu, dukani, kazini.

Ukisoma hivi utakwenda polepole, na Marko atakuchukua miezi kadhaa. Ni sawa. Usisome kisa cha pili kwa sababu cha kwanza kilikuwa kifupi.

Hatua ya tatu: Mjibu kwa ukweli

Wengi tuna sauti ya maombi. Tukifumba macho tu, maneno yanatoka yenyewe: tunakushukuru kwa siku ya leo, wengi walitamani kuiona hawakuiona, tufunike kwa damu yako. Si maneno mabaya, lakini mtu anaweza kuyasema yote huku moyo wake uko kwenye deni la kodi. Baada ya kusoma, mwambie Yesu jambo lililo juu kabisa moyoni mwako, kwa namna ambayo ungemwambia dada yako.

Ukiwa umesoma kisa cha dhoruba, ombi lako linaweza kuwa hivi: "Bwana, si kitu kwako kwamba mwenye nyumba ametupa hadi tarehe tano? Nimetembea godauni zote za Shimanzi hakuna kibarua. Naogopa. Nimechoka kujifanya siogopi mbele ya mke wangu." Hayo ni maombi kamili. Mwingine atasema: "Yesu, namchukia shemeji yangu, na leo anakuja kula kwetu." Hilo nalo anataka kulisikia kutoka kwako.

Kama unaona ni utovu wa heshima, fungua Zaburi ya 13. Inaanza, "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" na ni sala iliyowekwa ndani ya Biblia ili tuisali. Ina mistari sita tu, na ule wa mwisho ni wimbo wa sifa. Lakini mwenye zaburi hakuuruka mstari wa kwanza ili aufikie wa sita.

Omba kwa lugha inayokutoka ukiwa na uchungu. Kama ni Kigiriama, Kitaita, Kikamba au Kijaluo, tumia hiyo. Kiswahili cha madhabahuni kiache madhabahuni.

Dhambi uitaje kwa jina lake. "Nisamehe makosa yangu yote" ni rahisi kusema. "Nilimdanganya mteja kwamba samaki ni wa leo" ni vigumu, na hapo ndipo msamaha hukugusa. Ukishatubu, pokea. Usirudie kuomba msamaha wa jambo lile lile kila asubuhi kana kwamba hakukusikia.

Kisha nyamaza dakika mbili. Mawazo yatakimbia kwenye sufuria na watoto. Yarudishe kwa upole kwenye neno moja la kisa ulichosoma. Watu huuliza, nitajuaje kwamba hii ni sauti yake? Sauti ya Yesu haipingani na Yesu wa Injili. Haikuambii umtese mtu, udanganye, au ujione bora kuliko wengine. Huweza kukuhukumu kwa jambo fulani, lakini haikuachi umekata tamaa. Na jambo kubwa, kama kuoa, kuhama au kuacha kazi, usiliamue kwa hisia au ndoto peke yake. Lipeleke kwa mtu mzima wa imani asiye na faida yoyote katika uamuzi wako.

Hatua ya nne: Tii jambo moja kabla ya jua kuzama

Yohana 14:21 ni mstari ambao ningependa kila Mkristo aukariri: "Yeye aliye na amri zangu, na kuzishika, yeye ndiye anipendaye, naye anipendaye atapendwa na Baba yangu, nami nitampenda na kujidhihirisha kwake." Yesu anaahidi kujionyesha, na ahadi hiyo ameiweka kwa anayetii. Mtu anayelalamika kwamba Yesu yuko mbali ajiulize kuna jambo gani alishaambiwa na bado hajalifanya.

Liwe dogo na liwe wazi. "Nitakuwa mtu mwema" halitekelezeki. "Leo nitalipa lile deni la unga dukani" linatekelezeka. Kondakta arudishe chenji aliyojifanya amesahau. Anayefanya kazi za kutoa mizigo bandarini, ambako "chai" imekuwa kama sehemu ya gharama, anaweza kuamua faili hili moja lipite bila kuongeza wala kupokea kitu, hata likichelewa. Uamuzi huo una gharama, na usidharau gharama yake. Mwombe Bwana akusimamishe kabla hujaingia ofisini. Aliyekosana na ndugu aanze na Mathayo 5:23-24, ambapo Yesu anasema uiache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende kwanza ukapatane na ndugu yako.

Utii mwingine ni wa miguu. Chukua Jumamosi moja uende wodi za Hospitali Kuu ya Pwani kumwona mgonjwa ambaye hana wa kumletea uji. "Kadiri mlivyomtendea mmojawapo wa hao ndugu zangu walio wadogo, mlinitendea mimi" (Mathayo 25:40). Jirani wa Kiislamu akifiwa, nenda ukakae nao msibani, ubebe viti, uchote maji, bila hotuba. Yesu alipoulizwa jirani ni nani, alimtaja Msamaria, mtu wa dini ambayo waliomsikiliza hawakuipenda.

Jioni andika neno moja kwenye daftari: nimefanya, au sijafanya. Kama hujafanya, kesho jaribu lile lile kabla ya kutafuta jipya.

Hatua ya tano: Uwe na mtu mmoja anayekujua

"Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa" (Yakobo 5:16). Si lazima kikundi kizima kijue. Tafuta mtu mmoja, mwanamume kwa mwanamume, mwanamke kwa mwanamke, anayetunza siri. Kutaneni kila wiki, hata kwa chai ya kibandani, muulizane: umesoma nini, umemwambia nini Yesu, ametaka nini kwako, umefanya? Mkatoliki ana kitubio na jumuiya ndogo ndogo, avitumie. Meza ya Bwana usiiendee kwa mazoea; usiku wa kuamkia siku hiyo soma sura moja ya mateso ya Yesu, uende ukiwa umekumbuka anayekualika.

Kuhusu mfungo, na walimu wa kukimbia

Yesu alisema "mfungapo" (Mathayo 6:16), kwa hiyo mfungo una nafasi yake. Anza na mlo mmoja, utumie saa hiyo kuomba, na fedha ya chakula hicho umpe mwenye njaa. Kunywa maji, kwa joto letu hasa. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari, anayetumia dawa na mtoto mdogo wasifunge chakula. Wanaweza kufunga simu au televisheni.

Ninalisema hili kwa uzito kwa sababu msitu wa Shakahola uko kaunti jirani ya Kilifi. Mwaka 2023 ilifukuliwa humo miili zaidi ya 400, wakiwemo watoto wengi, ya watu walioambiwa kwamba kujinyima chakula hadi kufa kungewapeleka kwa Yesu. Yesu wa Marko 6 aliuona umati una njaa, akawalisha. Yesu wa Marko 5 alipomfufua binti wa Yairo, aliagiza apewe chakula. Mwalimu yeyote anayekukataza hospitali, anayekutenga na familia, anayewatoa watoto shuleni au kuwanyima chakula kwa jina la Yesu, ondoka kwake siku hiyo hiyo na utoe taarifa kwa polisi au kwa chifu. Na anayekudai pesa ndipo akuombee, hana idhini ya Yesu kufanya hivyo.

Siku ambazo husikii kitu

Zitakuja. Unasoma na maneno ni makavu, unaomba na dari inakutazama. Kwanza angalia mwili: labda hulali, labda unaumwa. Huzuni isiyoondoka kwa wiki kadhaa, na hasa mawazo ya kujiua, ipeleke kwa daktari pamoja na maombi. Hakuna aibu ya kiimani hapo.

Kama mwili ni mzima, endelea na robo saa yako bila kuipamba. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na mkewe Rosina. Mwezi wa Julai mwaka huo huo homa ilimchukua Rosina na binti yao mchanga, wakazikwa bara, upande wa Nyali. Mwaka huo huo Krapf alikuwa anatafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na mwaka 1846 yeye na mmisionari mwenzake Rebmann wakafungua kituo cha misheni Rabai. Ukiwa na huzuni nenda ukasimame hapo kaburini. Wapo waliomfuata Yesu katika pwani hii wakiwa wanalia.

Ukikosa siku tatu au wiki, usijaribu kulipa visa ulivyoruka. Fungua pale ulipoishia.

Ukimaliza Marko, nenda Yohana, na ukifika sura ya 13 hadi ya 17 punguza mwendo zaidi, maana ni maneno ya usiku wa mwisho kabla ya msalaba. Sura ya 17 yote ni sala ya Yesu kwa Baba. Katika mstari wa 20 anasema hawaombei mitume peke yao, bali na wale watakaomwamini kwa sababu ya neno lao. Hapo anakuombea wewe. Isome kwa sauti, na kila anaposema "hao" kuanzia mstari wa 21, weka jina lako.